Mwanamke Aliyelipia Kutazamwa

Dada yangu Devotha,

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, mwanaume nisiyemfahamu aligonga mlango wa chumba chako pale Nyakato. Nilikuwa nakunja nguo zako na kuzipanga kwenye begi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mkononi ameshika soda mbili. Aliniangalia, akaangalia ndani nyuma ya bega langu, akauliza, "Dada Devotha yupo?" Aliuliza kama mtu aliyezoea kuuliza hivyo.

Nikamwambia umefariki. Aliinama akaziweka zile soda sakafuni, moja baada ya nyingine, halafu akakaa kizingitini bila kukaribishwa.

Nitakueleza aliyoniambia. Ila siwezi kuanzia hapo, maana nimeliwaza jambo hili nikaona lilianza zamani, na lilianza mbele ya macho yetu sote.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisubiri pantoni pale Kigongo, kabla daraja halijajengwa? Foleni ya magari mpaka juu mlimani, jua kali, wadudu wa ziwani wametanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua mbali. Wewe ulikuwa ukitupitishia muda kwa kuigiza abiria. Ulimwigiza kondakta, ukamwigiza mama mwenye kuku anayebishana na kuku wake, mpaka mwenyewe akacheka. Siku moja tulikuwa tunarudi Sengerema kutoka harusini mjini, na hukumwigiza mtu. Kule harusini shangazi alikuwa amekushika bega mbele ya wageni akakutoa kwenye mstari wa mabinti waliosimama na bibi harusi. "Huyu akae nyuma," alisema. "Picha zitatoka na giza." Watu wakacheka, kwa sababu shangazi alikuwa mcheshi. Ulikuwa darasa la sita.

Kwenye pantoni uliniuliza, "Leti, mimi nikikaa gizani unaniona?"

"Nakuona."

"Basi wewe una macho mazuri."

Hukusema lingine mpaka tukashuka Busisi. Mama alidhani una homa.

Miaka ikapita, tukadhani umesahau. Ukawa fundi cherehani, mkono wako ukasifika Nyakato nzima. Wanawake waliondoka kwako wamependeza, nawe ukibaki na vipande vya vitambaa vyao sakafuni. Kisha yule mchumba wako wa Geita, aliyekuja nyumbani na kula na baba, akaoa mwingine. Mtu akakutumia picha. Ulinipigia simu ukasema, "Mke wake ni mweupe," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikakuuliza unajisikiaje, ukasema una kazi za watu za kumaliza.

Baada ya hapo ndipo ulipoandika mchezo wako.

Nimeona maigizo mengi, dada, ya shuleni na ya kwenye kumbi kubwa. Sijaona kitu kama ule usiku wa kwanza katika ukumbi mdogo nyuma ya chuo cha ushonaji. Viti vya plastiki vilikaribiana na jukwaa kiasi kwamba aliyekaa mbele angeweza kuugusa mguu wako. Meza moja, viti viwili, dirisha lililofunikwa kwa kanga. Wewe ulikuwa Salome, mwanamke anayeishi peke yake. Mwalimu Bwire wa pale chuoni alikuwa mwanaume unayemlipa aje kila wiki akae mbele yako. Mimi nilishika taa. Mpaka leo naisikia sauti yako ukimpa masharti: "Usinishike. Usiniambie unanipenda. Nitazame tu, uniambie unachokiona, ila kiwe kizuri."

Watu walicheka. Waliendelea kucheka Salome alipoanza kujipaka poda, akiongeza kidogo kila mwanaume yule anapokuja. Halafu kicheko kikapungua. Ilipofika katikati nilisikia feni ikizunguka juu. Mwanamke mmoja wa safu ya pili aliinuka akatoka nje, akasimama pale uani akilia, na wenzake hawakumfuata.

Mimi niliyeshika taa nilikuwa naona kitu ambacho wao hawakukiona. Rangi ya uso wako ilibaki imebadilika hata mchezo ukiisha. Usiku ule wa kwanza nilikuuliza, ukaniambia ni poda ya jukwaani. Wiki zilizofuata ulinijibu hivyo hivyo, huku maji yakiwa yameshapita usoni na taulo mkononi. Vidole vyako vilibaki vyeusi kwenye maungio. Mashavu yakawa na wekundu ambao si wa afya, na mishipa midogo ikaanza kuonekana kama mizizi chini ya maji. Ukawa unavaa mikono mirefu mchana wa jua. Ukaweka pazia zito dirishani, ukawasha taa saa nane mchana kushona. Chumba chako kikawa na harufu ya sabuni ya matunda iliyochanganyika na kitu cha hospitali. Nilikusihi. Nilikaa kitandani kwako nikakuambia huo mkorogo wa kujichubua utakumaliza, dada, acha.

Ulinijibu bila hasira. "Leti, kwa mara ya kwanza kuna mtu ananitazama bila kutafuta pa kuangalia pengine."

Nilidhani unamsema Bwire. Nilidhani unausema mchezo.

Tumbo lilikukamata jukwaani, wakati Salome anamimina chai. Ulikunja mwili ukashika ukingo wa meza, na watazamaji wakadhani ni sehemu ya igizo. Walikutazama kwa utulivu, wengine wakakupigia makofi, mpaka Bwire alipoacha maneno yake akaniita kwa jina langu. Tukakukimbiza hospitali. Wakasema ni kidole tumbo, upasuaji wa kawaida, utatoka baada ya siku chache. Nikampigia mama nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidonda ndicho kilichokataa. Kila walipofungua bandeji, nyuzi zilikuwa zimeachia, nyama imefunguka upya. Muuguzi mmoja mtu mzima alinivuta pembeni, akaongea taratibu kama mtu anayejua mgonjwa ana masikio. "Mwanangu, ngozi hii imekula dawa muda mrefu. Imekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Uzi haushiki." Nikamuuliza tufanye nini. Akasema wanajitahidi. Waliendelea kujitahidi. Usaha ukapanda, homa ikapanda, nawe ukawa unaniomba kioo. Sikukupa. Asubuhi uliyoondoka, korongo walikuwa wametua juu ya paa la wodi, wametulia wote, wameangalia ziwani. Niliwatazama wao kwa sababu sikuweza kuangalia kitanda.

Tulikuvusha kwa daraja. Ulikuwa hujawahi kulipita, ulikuwa ukisema utalipita siku ukienda kumwonyesha mama gauni utakalolishona kwa ajili yako mwenyewe. Gari halikusimama hata mara moja. Nilizoea safari ile iwe na kusubiri, iwe na watu wa kuigizwa, na sasa maji yalipita chini yetu haraka, na tukafika kabla sijawa tayari kumwona mama.

Yeye na mama wadogo walikuosha. Walifunga mlango muda mrefu. Alipotoka, mikono yake ilikuwa bado inadondosha maji. Hakulia. Aliniambia, "Nimeosha mwili wa mtu nisiyemjua. Nyayo tu ndizo za mwanangu."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka nikarudi Nyakato kufunga vitu vyako, na yule mwanaume akagonga.

Aliniambia anaitwa Faustine, mlinzi wa kiwanda cha pale juu. Nikamuuliza anakudai au wewe ulimdai. Akatikisa kichwa.

"Alikuwa ananilipa nije Jumapili."

"Uje kufanya nini?"

"Kukaa naye. Kumtazama. Kumwambia ninachoona, kiwe kizuri."

Nilidhani ananidhihaki, nilidhani ni mtu aliyekariri maneno yako kutoka jukwaani akaja kunichezea kwenye msiba. Nikamuuliza kwa ukali, "Umeuona mchezo wake mara ngapi?"

Akanishangaa. "Mchezo gani?"

Hakujua. Hakujua kama uliandika kitu, wala kama uliwahi kusimama mbele ya watu. Alianza kuja kwako kabla hata sijaona karatasi ya kwanza ya igizo lile. Kila usiku tulipokuwa tunakupongeza kwa kubuni mambo mazito namna ile, wewe ulikuwa unatusimulia wiki yako.

Nilikaa naye pale mlangoni. Nilitaka kumchukia na nilikuwa na sababu, kwa sababu hakunificha kitu. Alisema ulipoanza kumuuliza kama umekuwa mweupe, alikujibu ndiyo. Ulipomtuma sokoni kununua zile krimu, alikwenda. Alisema mwishoni ngozi ya shingo ilikuwa inachubuka, imekuwa kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, nawe ukamuuliza, "Napendeza?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anapendeza."

"Na ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona. Ndiyo kazi aliyonipa, dada. Siku moja nilijaribu kumwambia apumzike na yale madawa, akasema kama siwezi atatafuta mwingine. Nikaogopa atapata mwingine kweli."

Nikamuuliza kama alikupenda. Alifikiri, na nikaona anatafuta jibu la kweli, si la kunifurahisha.

"Hapana. Sitakudanganya. Ila nilimzoea. Nilikuwa naianza wiki nikiwa na la kumsimulia."

Kisha akaniuliza umezikwa wapi. Nilitaka kukataa. Nikamwelekeza.

Alikwenda. Mama alinipigia simu jioni moja akasema kuna kijana ameshinda kwenye kaburi lako tangu mchana, anang'oa majani, hasemi na mtu. Mama akamwendea. Kijana akampa shikamoo, mama akaitikia, akamuuliza yeye ni nani kwa marehemu. Akasema, "Nilikuwa namtembelea." Mama akataka nimweleze maana yake. Nami nikamweleza yote, Faustine na mkorogo na mchezo.

"Yaani alikuwa ananunua kutazamwa," alisema. "Na sisi tupo."

Naandika haya nikiwa kwenye kiti chako cha cherehani. Nimetoa lile pazia zito. Nakukasirikia, dada, halafu hasira inaniishia nikiona kitambaa ulichokata ukakiacha hujakishona, cha bluu, kwa kipimo cha mwili wako. Nina hofu pia, na hofu hii haiondoki. Sasa naona vidole vya wanawake kila mahali. Aliyenipa risiti ya umeme, aliyekaa mbele yangu kanisani, mtoto wa jirani ambaye bado yuko kidato cha tatu. Nyuso za rangi moja, vidole vya rangi nyingine. Makopo yamepangwa sokoni karibu na nyanya na dagaa, wanayauza mama zetu, wanakupa na ushauri. Jana msusi wangu alinishika kidevu akageuza uso wangu kwenye mwanga. "Dada Leti," alisema kwa upendo kabisa, "ukipunguza rangi kidogo utatoka vizuri jukwaani." Kilichonitisha ni kwamba kwa dakika nzima, nikijiangalia pale kwenye kioo chake, nilikuwa nafikiria.

Ndiyo, jukwaani. Mwalimu Bwire alikuja kuniomba turudishe mchezo wako. Alisema hawezi kumfundisha mtu mwingine maneno yale, mimi niliyashika yote nikiwa nimeshika taa. Nilimkatalia. Kisha nikarudi nikamwambia nitakuwa Salome, kwa sharti kwamba sipaki kitu usoni, na akilegeza sharti hilo naacha. Amekubali. Jumamosi hii tunafungua ukumbi ule ule. Faustine ameuliza kama anaweza kuja. Nimemwambia kiti kipo, ila akae mbele, asikilize mpaka mwisho.

Mama hajawahi kuingia kwenye maigizo maisha yake yote. Juzi nilikwenda Sengerema kumwomba aje, nikamkuta anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta wakati naongea. Mwishowe akauweka ungo chini.

"Huyo mwanamke wa Devotha, mwisho wake anakuwaje?"

Nikamwambia ulivyoandika. Salome anamwambia yule mwanaume aende kwao, asirudi tena. Anatoa kanga dirishani. Anapakua chakula chake, anakaa, anakula.

"Hafi?"

"Hafi, mama."

"Devotha mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo?"

"Mwenyewe."

Akafuta vumbi la mchele mikononi.

"Basi nitakuja," alisema. "Nikamwone akila."

Pumzika, dada. Nakuacha hapa, nikajifunze maneno yako.

Mdogo wako,
Leti