Mutu wa Kushuhudia

Mercredi, mangaribi

Donc, karatasi ya kifo ya bwana yangu Paluku nimeipata.

Kutoka huku Mabalako mupaka Beni, nilienda miye tu na motard wetu, ule mwenye kutubebaka na pikipiki yake. Pale bureau, mama mwenye kuandika akaniuliza: «Témoin iko wapi? Tunaomba mutu mwenye alimujua bwana yako.» Kurudi kutafuta mutu ni siku ingine muzima, na hii mvua. Nikachoka. Nikamuita motard. Akaingia na casque yake ya pikipiki mu mukono.

«Weye ulimujua huyu baba?»

«Ndiyo, mama. Nilimubeba ku hôpital mara ine. Ile ya mwisho tulimufunga na kitenge ku mugongo yangu, juu asianguke. Kufika ku kilima, nikasikia pumuzi yake imeisha. Niliendelea tu.»

Siku ile nilikuwa nyuma yabo, ku pikipiki ingine. Hakuniambiaka kitu.

Mama akaandika, motard akatia mukono. Nilingoja nilie, lakini hapana.

Nikapanda nyuma yake, tukarudia. Barabara iko mubaya, unapashwa kushikilia sana. Nikashikilia ule mugongo mupaka ku nyumba.