Pumu Aliyotuachia Baba

Jumanne jioni, mtaa wa Tena

Kumbe si vumbi la nyumba yangu pekee linalomletea mtoto pumu. Daktari amesema binti yangu Achieng' huenda amerithi jeni zinazofanya kinga ya mwili wake ishtuke upesi. Zenyewe hazitoshi kuleta pumu, ila zinaongeza hatari. Bado naogopa.

"Kwenu nani aliugua hivi?" daktari akaniuliza.

Nikamkumbuka Baba akirudi kutoka karakana ya reli, akiketi kwenye ngazi kutafuta pumzi. Sisi watoto tuliuita mlio wa kifua chake garimoshi, naye akicheka nasi. Jinsi ninavyoukosa mlio ule! Alipokufa, ndugu zake walisema amerogwa.

Nimempigia Mama simu. "Baba hakurogwa, Mama. Ilikuwa pumu."

Akalia.

"Miaka hii yote, mwanangu, walisema ni mimi."