Kuku Mweusi wa Hallonbergen

Jumamosi jioni

Hatimaye Rehema amekula! Tangu ajifungue Jumatatu, binti yangu alikuwa anasukuma sahani tu, nami nilishaanza kuogopa.

Leo nikaenda duka la Waasia hapa Hallonbergen kumtafutia kuku wa kienyeji. Kwenye friza nikakuta kuku mwenye ngozi nyeusi tii. Nikamwambia mwenye duka, mama wa Kivietinamu, "Huyu ameoza."

Akacheka, akanijibu kwa Kiswidi: "Hajaoza. Ndiyo aina yake, hata mifupa ni myeusi. Kwetu tunawapikia supu waliojifungua."

Nikamchemsha na tangawizi kwa muda mrefu. Nikawaza: Rehema akimkataa na kuku huyu, basi mimi sijui tena nimpikie nini.

Rehema akachungulia bakuli. "Mama, umeunguza?"

"Onja kwanza."

Akaonja, akamaliza, akaomba paja la pili. Mimi sikubakiziwa hata shingo.