Mshono wa Kushoto

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na unalala vizuri. Mimi mzima wa mwili tu.

Nilikuona ukiondoka ukumbini, pale makumbusho ninapofanya kazi. Sikujua kama ungekuja. Uliponiazima gauni la harusi yako nilikuahidi kulichunguza kwa heshima, nijue nguo za enzi zile zilishonwaje. Badala yake nililigeuza ndani nje mbele za watu, nikaonyesha mishono ilivyolala upande, nikasema fundi wake bila shaka alikuwa amelewa. Wakacheka, nami nikanogewa, nikaongeza. Ndipo nikakuona umeshika mkoba, unatoka. Tangu siku ile uso wangu sijui niuweke wapi. Nisamehe.

Mwanao


29 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Mgongo ni uleule.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yanatoka matusi.

Fundi huyo ni bibi yako. Mwaka ule nilioolewa, kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Baba alitaka gauni lipelekwe kwa fundi, mama akakataa. Akajifunza upya kushika sindano, kwa kushoto, huku mimi nikimshikia kitambaa. Alipomaliza akaniambia, "Usipolivaa sitakulaumu." Nililivaa.

Wewe uliniuliza kitambaa kilinunuliwa wapi. Aliyeshona hukumuulizia.

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sina cha kujitetea. Niliona vizuri kwamba kila mshono umelalia upande usio wa kawaida, nikauita uzembe. Na kazi yangu ndiyo hiyo, kutambua mkono uliopita pale.

Nilijifunga mkono wa kulia nikajaribu kushona bega la gauni kama lile. Nililia. Lake limenyooka kuliko langu.

Kisha nikawaita watu walewale, nikawaeleza fundi ni nani. Bwana mmoja akaniuliza taratibu, "Yaani bibi yako mwenyewe?" Nikaitikia kwa kichwa.

Gauni analileta kaka. Sistahili kukaa nalo.

Mwanao


2 Juni

Kasuku,

Kaka yako kafika salama. Anasema umekonda. Kula.

Nimemrudisha na gauni mkononi. Likae huko, watu walione ndani na nje. Ila kwenye kibao andika jina la mama yangu, na uandike alishona kwa mkono upi.

Sijapoa bado, nisikudanganye. Siku nikija kulitazama, niache nilitazame peke yangu. Nikimaliza nitakutafuta mwenyewe.

Shangazi yako