Beseni la Msibani na Mamlaka ya Mtani

Kwako Baba, uliyelala Kisarawe,

Mfawidhi ni mtu anayetumia mamlaka yasiyo yake, aliyokabidhiwa na mwingine ili ayatumie kwa niaba ya huyo mwingine. Ulinifunza maana hiyo nilipokuwa bado shule ya msingi, nilipokuuliza kwa nini kibao cha mlangoni kwako kiliandikwa "Mganga Mfawidhi" na si "Mkubwa wa Kituo". Ulisema, "Mkubwa anaweza kufanya apendavyo. Mfawidhi ana mwenyewe wa kumjibu." Nilidhani nimeelewa. Leo niko Bariadi, rasimu ya sheria ndogo iko mezani pangu, na naona kuwa fasili ile tuliiacha njiani.

Rasimu inasema kuwa, kwa kuwa kuhara kumeenea katika vijiji kadhaa tangu mvua zianze, ni marufuku kunawa na kula kwa pamoja misibani, na atakayekiuka atatozwa faini. Mimi ndiye mratibu wa elimu ya afya, na maoni yangu yanasubiriwa katika kikao cha Jumatatu. Nikiikubali, huenda tukaokoa watu. Huenda pia watu wakaanza kuzika kimyakimya, na tukakosa hata habari za wanaougua. Hoja za pande zote mbili nazijua, maana ndizo ninazofundisha. Hata hivyo kila nikishika kalamu nakuona wewe, na lile beseni.

Unalikumbuka? Kijijini kwetu, jirani na Mwandoya, waliotoka kuzika walinawa katika beseni moja, maji yale yale, wazee kwanza kisha vijana, ndipo wakakaa kula. Aliyenawa peke yake alikuwa ametamka bila kufungua kinywa kwamba kifo kile hakimhusu. Wewe ulikuwa Mzaramo uliyepangiwa kazi katika nchi ya pamba na ng'ombe, na katika msiba wako wa kwanza pale ulisimama na kipaza sauti cha kituo ukaeleza vimelea, njia za maambukizi na faida ya maji yanayotiririka. Ulieleza vizuri; baadhi ya sentensi zako nazitumia darasani hadi leo. Wakakusikiliza hadi mwisho, wakaitikia, "Wabeja sana, daktari," yaani asante sana, kisha wakainuka wakanawa katika beseni. Ile asante uliipokea kama ridhaa. Kwao ilikuwa adabu tu, ya kumpa mgeni aliyejichosha kwa kusema.

Nyumbani ulimkuta Mama akikata viazi vya kuanika michembe.

"Nimewafundisha," ulisema. "Hawataki."

Mama, mwalimu na binti wa Kisukuma kutoka Nyalikungu, hakuinua macho. "Uliingia msibani kama serikali. Kwani Uzaramo wako uliuacha wapi?"

"Uzaramo wangu na kuhara vinahusiana nini?"

"Siku ya harusi ndugu zangu walikunyang'anya viatu, ukarudi kwenu pekupeku. Uliwashtaki?"

"Nilicheka. Wasukuma si watani wetu Wazaramo?"

"Haya," alisema Mama, akaendelea kukata viazi.

Msiba uliofuata ulikuwa wa Mzee Masanja, jirani wa kituo. Nilikuwa nimeketi mkekani na Mama. Ulifika, ukavipita viti vilivyotengwa kwa wageni rasmi, ukaenda moja kwa moja penye beseni, ukalitazama kwa muda kama anayepima kina chake.

"Nani kaleta lambo hapa?" uliuliza kwa sauti. "Na ng'ombe wenyewe wako wapi, au ndio hawa?"

Mama alinishika mkono, na kwa jinsi alivyoubana nilijua kuwa hata yeye hakuwa na hakika. Ndipo Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, dada wa mjane, aliposimama huku amejishika kiuno.

"Wewe Mzaramo, liache beseni letu! Au kwenu mnanawa tui la nazi?"

"Kwetu tunanawa maji, shemeji. Hiki mlichonacho ni mchuzi."

"Mchuzi utaujulia wapi, mla kisamvu wewe!"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanaume. Ukalinyanyua beseni. "Marehemu alikuwa mtu wa wageni wengi, hilo wote tunalijua," ulisema. "Lakini nani hapa alimsikia akisema nyote mumfuate?" Ukayamwaga maji yote chini. Kisha ukachukua jagi na sabuni, ukapiga goti mbele ya mjane, wewe mganga mfawidhi, ukamnawisha. Ukawanawisha na wengine, mmoja baada ya mwingine, wala hukutaja kimelea hata kimoja.

"Leo Mzaramo kapata kazi inayomfaa," alisema Mayu Kabula, na hata mjane alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Sitadai zaidi ya ninachoweza kukithibitisha. Beseni halikutoweka siku ile. Lilipungua msiba kwa msiba, na usipokuwepo wenye msiba waliweka jagi wenyewe, wakiliita jagi la mtani. Nakumbuka Mama akikutania kwamba sasa hakuna anayekufa kwa amani kabla ya kuhakikisha kuwa uko kijijini. Nakumbuka pia harufu ya ile sabuni ya mche mikononi mwako ulipokuwa ukinibeba kurudi nyumbani. Katika utoto wangu ndiyo iliyokuwa harufu ya msiba, wala haikunitisha.

Kisha ukahamishwa. Aliyekupokea kituo alikuwa tabibu hodari kuliko wewe, ulikiri mwenyewe. Alisimuliwa habari ya beseni, naye akafanya vilevile, neno kwa neno. Ila pale hakuwa mtani wa mtu yeyote. Alipoyamwaga maji, wenye msiba waliona kuwa mtumishi wa serikali amewatukania marehemu wao, wakamtoa uwanjani, na kwa muda mrefu baadaye hakuna aliyempelekea mgonjwa ila kwa kulazimika. Habari hiyo ilipokufikia ulisema, "Basi mimi sikuongoza. Nilitania tu."

Nilikupinga siku ile, lakini kwa upendo tu, bila hoja. Hoja niliipata Kisarawe, ulipokuwa umeshazikwa. Mayu Kabula alifika baada ya mazishi, mzee sasa, amekaa ndani ya basi kutoka Bariadi hadi miguu imemvimba. Ndugu zako na majirani wakamkaribisha chakula, akakataa. Akajilaza katikati ya ukumbi, akaziba njia.

"Sili," alisema. "Huyu Mzaramo ameondoka na deni la utani. Alininawisha kwenye msiba wa shemeji yangu. Kwenye msiba wake yeye, nani ananinawisha?"

Nilichukua jagi, nikapiga goti. Alinyoosha mikono, akaniambia polepole, "Vizuri, mwanangu. Baba yako alikuwa akimwaga maji mengi mno." Hapo ndipo nilipolia, Baba, makaburini sikuwa nimelia.

Mtu hasafiri umbali ule kwa sababu ya mzaha tu. Kwa hiyo uliongoza. Lakini tazama ugumu unaofuata. Sheria ndogo ina sifa moja ambayo wewe hukuwa nayo: inanakilika. Maneno yale yale yatasomwa Nassa na Mwandoya, na yeyote atakayepangiwa kituo atayatumia. Utani haunakiliki hivyo. Nimefikiria kupendekeza kila kijiji kiteuliwe mtani wa kunawisha watu misibani, nikalifuta wazo kabla wino haujakauka. Mtani aliyeteuliwa na ofisi hugeuka kuwa serikali inayochekacheka, na Wasukuma watamjibu kwa adabu zote: wabeja sana.

Jumatatu nitashauri faini iondolewe. Hilo nina uhakika nalo. Kitu cha kuweka mahali pake bado sijakipata, na mvua haijakatika. Kwa hiyo nairudia fasili yako, kwa sehemu ile tuliyoiacha. Kama mfawidhi ni aliyekabidhiwa mamlaka, siku ile uliposimama na beseni mkononi, Baba, ni nani aliyekuwa amekukabidhi: waliokupangia kazi, au waliokucheka?

Mwanao,
mtani wao kwa upande wako, mjukuu wao kwa upande wa Mama