Mguu wa Kushoto wa Kaka

Nyumbani, nyuma ya duka la vioo,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

U mzima? Kile kifua cha baridi kimepona? Watoto wangu hawajambo, nami nipo, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kufagia. Simu yako haipatikani tangu mhamishiwe mgodi mpya, ndiyo maana naandika. Mwenzako aliyekuja likizo anarudi kesho, ameniahidi atakukabidhi barua hii mkononi.

Habari za huku si nzuri. Kaka amelazwa. Kile kidonda cha mguu wa kushoto, alichotuambia ni kiatu tu kimemchubua, kimeoza. Sukari imeshaharibu mishipa. Daktari anasema mguu ukatwe wiki hii, la sivyo tutampoteza. Kaka amekataa katakata.

Leo nimeshinda naye wodini. Muuguzi mmoja wa rika letu alimtazama, akasema, "We si Taratibu, yule namba kumi?" Ungemwona kaka alivyochangamka! Nikageuka ukutani nilie. Muuguzi akataka kujua mbona alikuwa hapigi mashuti kama wenzake. Nikamweleza kwamba baba alikuwa fundi vioo, na wewe na kaka mlijifunzia mpira kwenye ujia wa karakana, vioo vimeegemezwa huku na huku. Mpira ukinyanyuka tu, baba anapaza sauti, "Taratibu!" Jina likamganda. Ndiyo maana mpira aliugusa kidogo kidogo, akautuliza kwa kushoto, akapenyeza pasi chini chini katikati ya mabeki, mahali ambapo sisi wengine hatukuona hata upenyo. Akibaki na kipa peke yake, jukwaa zima linapiga kelele "Piga!", yeye anakutafuta wewe. Wewe ulivunja vioo tangu mdogo, haishangazi ukawa mshambuliaji.

Tulicheka, kisha muuguzi akaenda kwa wagonjwa wengine.

Shemeji yako, mke wa kaka, amembembeleza mpaka sauti imemkauka. Binti yake amempigia magoti. Mimi nilimfokea, Mungu anisamehe. Nilipokuwa naaga ndipo akasema, bila kunitazama, "Dada, huu mguu si wangu peke yangu. Mabao yote ya mdogo wetu yalitoka hapa. Niutoe vipi na yeye hajui?"

Najua ni hofu tu inayosema. Lakini kwetu sisi wote ametia pamba masikioni, umebaki wewe. Nakusihi, omba ruhusa, nenda hata kwa miguu hadi penye mtandao, umpigie. Usianze kumpa pole. Mwambie umeuruhusu mguu uende, ila yeye abaki.

Shemeji na binti wanakusalimu sana, shangazi naye anakuombea. Mungu akushushe mgodini na akupandishe salama. Kaka hakutuma salamu. Simu ameilaza kifuani, hataki mtu aiguse.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.