Wasaidizi Wangu wa Jikoni

Kambini, 4 Februari

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu imepunguza kuuma. Mimi sijambo, ila mikono imeota sugu. Kuwapikia wajenzi wa barabara si mchezo. Sufuria moja ningeweza kuogea. Simu hazishiki huku, ndiyo maana namtuma dereva wa lori.

Wasaidizi wangu hawajambo? Mwaka wa pili sasa sijawaona. Najua jikoni kwako hutaki miguu midogo, lakini nakuomba usiwafukuze. Binti yangu mwachie amenye viazi kwa kile kisu butu. Mdogo wake mpe njegere atoe maganda. Atakula nusu, mwache tu. Wakipika wanasahau kwamba sipo.

Mwambie baba yao aniandikie japo mistari miwili.

Mkweo

Nyumbani, 26 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Miguu inauma kama kawaida. Asante kwa kuiulizia, nayo haijawahi kutoka nyumbani ikaniacha.

Wajukuu wangu hawajambo, wamenenepa. Unasema wakipika wanasahau kwamba hupo. Kweli tupu. Kuna dada anakuja kutusaidia, mshonaji wa mtaa wa pili, ana subira ya ajabu. Juzi walikanda unga wa mkate, mdogo kapanda juu ya kigoda, unga mpaka kwenye kope. Baba yao alicheka mpaka akashikilia mlango. Ulipokuwepo sikumwona akicheka hivyo.

Ana shughuli nyingi. Atakuandikia.

Mama mkwe wako

Kambini, 9 Machi

Mama mkwe,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya jiko, maharage yakaungua, kambi nzima ikalala na mkate mkavu.

Huyo dada anakuja, au anakaa? Mume wangu alipoachishwa kazi, ni wewe na yeye mlionibembeleza niende. Mtoto nilimtoa mgongoni analia, ukampokea wewe. Kama kuna jambo niambie. Mimi ni mtu mzima.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mkweo

Nyumbani, 17 Aprili

Mkwe wangu,

Salamu. Umesema u mtu mzima, basi meza. Mshonaji anakaa. Mwanangu amemwoa, na chakula cha siku hiyo nilipika mimi mwenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo. Msemo huo sikuutunga mimi.

Mdogo alikuwa akikuulizia kila unga ukishuka mezani. Hagusi mwiko, hali, anataka mama. Nyumba haiendeshwi kwa vilio. Nikamwambia uliugua huko ukafa. Alilia mpaka akatapika. Baadaye akaomba kigoda chake.

Sasa anamwita mshonaji mama, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo usije. Maiti haibishi hodi.

Mama mkwe wako

Kambini, 3 Mei

Mama mkwe,

Leo sikuamkii.

Nilikuja Jumamosi, ulipokuwa umepelekwa hospitali kwa ajili ya miguu. Nilikuja na begi tupu, la kutilia nguo zao. Lango lilikuwa wazi. Niliwakuta jikoni peke yao.

"Karibu shangazi," mdogo akasema. "Mama amekwenda dukani kununua hamira."

Aliniangalia usoni, mama mkwe. Aliniangalia vizuri kabisa, kisha akanisogezea kigoda, akanipa donge la unga. Nilipoanza kukanda akanicheka. "Si hivyo! Sukuma kwa kiganja, usidonoe kama kuku." Akaweka mkono wake juu ya wangu, akasukuma. Nikasukuma naye.

Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta, kisu mkononi, kiazi kimemenywa nusu. Yeye alinijua nilipovuka kizingiti. Alinishika kidole akanitoa nje mpaka langoni.

"Nilijua hujafa," akasema. "Bibi hakulia."

Nikamwambia, "Nimekuja kuwachukua. Kalete nguo zako na za mdogo wako."

"Twende wapi?"

Kambini tunalala wanawake wanane katika hema moja, na watoto hawaruhusiwi. Nilifikiri jibu lingekuja njiani. Alinisubiri, mama mkwe. Alinisubiri kama mtu mzima anavyomsubiri mtoto.

"Ukimwambia ni wewe, halafu ukaondoka tena, atalia kama siku ile," akasema. "Alitapika kitanda kizima. Shuka nilifua mimi. Nenda, mama."

Akanisukuma. Si kwa nguvu. Kwa kiganja. Akafunga lango, nikasikia komeo likiingia.

Nilikuwa bado nimesimama pale nilipomsikia mdogo akiuliza, "Alikuwa nani?"

"Mama mmoja tu," binti yangu akamjibu. "Anatafuta kazi ya jikoni. Nimemwambia tunatosha."

Mama yao